Jirani na Ofisi: Desturi za Nyumbani na Desturi za Ughaibuni

Mhadhara kwa wakaazi wa Kiembe Samaki, Unguja



Nimetakiwa nizungumze juu ya tofauti za desturi baina ya maisha ya hapa kwetu na maisha ya ughaibuni. Hapa Kiembe Samaki mada hii haihitaji utangulizi mrefu. Uwanja wa ndege wa Abeid Amani Karume tumepakana nao. Wanaoondoka wanapita mbele ya macho yetu, na wanaorudi tunawapokea sisi. Nadra kukuta ukoo mtaani usio na mtu Muscat, Dubai, London au Toronto. Na kwa kuwa kila ukoo una mtu wake, kila ukoo una maneno yake. Wa hapa wanasema: watu wa kule hawana utu, na wetu wakishakaa nao wanakuwa kama wao. Wa kule wanasema: wa nyumbani hawana haya, kila wakipiga simu wanataka fedha. Akija likizo akakataa kukaa barazani, tunasema anajidai. Tukimwendea bila ya kumwarifu, anasema hatumheshimu.

Nimekaa pande zote mbili, Uingereza na hapa, na maneno hayo nimeyasikia kwa masikio yote mawili. Leo nataka kusema kwamba yote yamekosea shabaha. Tofauti kubwa haimo katika wema na ubaya wa watu. Imo katika swali moja: likikufika la kukufika, ukazaa, ukaugua, ukafiwa, ukakosa chakula, nani mwenye wajibu wa kukuinua? Kwetu ni jamaa na jirani. Kule ni ofisi. Na kila mmoja ana malipo yake. Jirani unamlipa kwa wakati wako na kwa siri zako. Ofisi unailipa kwa fedha na kwa upweke. Mkilishika hili, mengi mnayoyaona kiburi au uchoyo mtayaona kuwa ni hesabu tu.

WALIOTUTANGULIA

Mada hii haikuanza na sisi. Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said, alizaliwa mwaka 1844 Beit al-Mtoni, jumba ambalo yeye mwenyewe alieleza kuwa lilikuwa na watu wapatao elfu moja. Mwaka 1866 aliondoka Unguja kwa siri. Mwaka uliofuata akaolewa Aden na mfanyabiashara wa Kijerumani, Rudolph Heinrich Ruete, akahamia Hamburg. Mwaka 1870 mume akafa kwa ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu wadogo. Mjane wa Unguja ya zama zile asingeachwa peke yake hata usiku mmoja. Nyumba ingejaa wanawake, wengine wa kulia naye, wengine wa kushika watoto, wengine wa kutia chungu jikoni. Hamburg alikabiliana na bili, mawakili na baridi.

Kitabu chake kilichotoka kwa Kijerumani mwaka 1886 kina kurasa nyingi za kulinganisha kwao na Ulaya: malezi, elimu, ndoa, hali ya mwanamke. Alitetea kwao kwa nguvu zote, mpaka akautetea na utumwa, jambo ambalo hakuna mtu hapa atakayelikubali. Mimi naona upweke ndio uliomfikisha huko. Mtu akiwa mbali na akawa hana wa kumpiga hodi, nyumbani hupoteza dosari zote machoni mwake. Ugonjwa huo watu wetu wa ughaibuni wanao mpaka leo.

Wanaume nao waliandika, tena kwa Kiswahili. Salim bin Abakari, Mngazija, alifuatana na Mjerumani hadi Urusi na Siberia mwaka 1896, na masimulizi yake yamo katika kitabu cha Safari za Wasuaheli alichokichapisha Carl Velten mwaka 1901. Karibu zaidi na sisi, Adam Shafi ameandika safari zake za ujana katika Mbali na Nyumbani. Vijana wanaojiandaa kuondoka wangefaidika kuwasoma hawa kabla ya kuuliza bei ya tiketi.

HODI NA MIADI

Nianze na mlango. Hapa kwetu mtu hupiga hodi, akaitikiwa karibu, na kama chakula kipo mezani au mkekani atanawa mikono. Hakuna aliyempangia siku. Kule kwenda kwa mtu bila ya miadi ni kumtia dhiki, na hata ndugu wa tumbo moja hutumiana ujumbe kwanza.

Tusikimbilie kusema ni uchoyo. Muuguzi wa Kizanzibari anayefanya zamu ya usiku London hulala mchana. Mumewe anaondoka alfajiri, na muuguzi anarudi wakati huo huo; wanakutana mlangoni. Mgeni wa ghafla atamuamsha mtu mwenye saa sita tu za kulala kabla ya kurudi kwenye zamu. Na akichelewa kazini, hakuna shangazi wa kumwombea radhi. Mkataba wa kazi haujui shangazi.

Jua nalo lina sehemu yake. Sisi tuko karibu na Ikweta; baina ya mchana wetu mrefu kabisa na mfupi kabisa tofauti haifiki dakika 45. Ndiyo maana saa yetu ya Kiswahili inatutosha: jua likichomoza siku imeanza kuhesabiwa, likizama tunaanza tena. London mwezi wa Disemba jua huzama kabla ya saa kumi za alasiri, na mwezi wa Juni huzama baada ya saa tatu za usiku. Mahali kama hapo mtu hawezi kuahidiana na mwenzake kwa jua, wala "baada ya Maghribi" si miadi, kwa sababu Maghribi yenyewe inatembea. Watu wakajifunga kwenye saa ya ukutani, na saa hiyo wanaisogeza mbele kila mwezi Machi na kuirudisha kila Oktoba.

Ramadhani ndiyo inayoonesha vizuri. Kwetu mfungaji hukaa kama saa 13, mwaka hata mwaka. Ramadhani zilizoangukia Juni, za 2015 hadi 2017, mfungaji wa London alipita saa 18. Lakini wengi walioonja watakwambia kuwa njaa haikuwa shida kubwa. Shida ilikuwa futari. Hapa sahani zinapishana milangoni: huyu kaleta muhogo wa nazi, yule tambi, yule uji wa pilipili manga, na sahani hairudishwi tupu. Kule mtu anafuturu kwa tende aliyoitia mfukoni, amesimama, katika mapumziko ya robo saa, na wenzake kazini hawajui kuwa kuna Ramadhani.

SIKU 40 NA SIKU 480

Sasa nije kwenye mtoto. Hapa mzazi hukaa arubaini. Mama yake au khalati yake huhamia. Yupo wa kumkanda kwa maji ya moto, wa kumpikia uji, wa kumwogesha mtoto, wa kumfukuza mgeni aliyezidisha kukaa. Siku 40 hizo hazina fomu ya kujaza, na wanaozitoa hawalipwi.

Sweden serikali huwapa wazazi siku 480 za likizo yenye malipo kwa kila mtoto, na baba ana sehemu yake isiyohamishika. Ukimwambia mama wa Kiembe Samaki habari hiyo atasema ni pepo. Lakini muulizeni Mzanzibari aliyezalia huko. Siku 480 anazo, fedha zinaingia, mkunga anafuatilia afya yake. Mikono ya kumkanda hana. Anashinda ndani na mtoto mchanga, nje theluji, mume kazini, na mama yake anamwona katika simu. Ofisi imempa kila kitu kinachoweza kuandikwa kwenye karatasi. Mwenzake wa hapa amepata mikono yote, lakini kama ni mama ntilie, siku asiyopika hana kipato. Sitaki mnijibu nani bora. Nataka mwone kuwa kila mmoja amekosa alichonacho mwenzake.

Mtoto akikua, tofauti inazidi. Hapa mtoto ni wa mtaa: akitupa mawe barabarani, mzee yeyote atamkemea, na akirudi nyumbani kushitaki ataongezewa. Sweden ilipiga marufuku kumpiga mtoto mwaka 1979, ya mwanzo duniani, hata mzazi wake asimguse. Scotland ilifuata 2020 na Wales 2022. Mzazi wetu anayefika huko na bakora yake ya desturi anaweza kujikuta mbele ya maofisa wa ustawi wa jamii, akaona wanamdhulumu mwanawe. Wao wanaona mtoto ni raia mwenye haki zake, na ofisi ndiyo jirani yake wa karibu.

Kuna jambo hapo tulifikirie bila ya hasira. Malezi ya mtaa yalikuwa mazuri mtaa ulipokuwa unajuana. Katika mtaa usiojuana, mkono wa kila mtu mzima juu ya mtoto si ulinzi tena. Unaweza kuwa hatari. Ofisi ya kule imezaliwa kutokana na hofu hiyo, na hofu hiyo nasi inatuhusu.

MSIBA

Kama kuna mahali ambapo jirani anaishinda ofisi, ni msibani. Hapa mtu akifa asubuhi, adhuhuri au alasiri keshasaliwa. Msikiti unatangaza, vijana wanachimba kaburi bila ya kuulizwa, sanda inapatikana, majirani wanatandika majamvi na kupika, khitma inasomwa. Mfiwa kazi yake ni kulia na kupokea mkono wa pole.

England na Wales kifo ni jambo la nyaraka kwanza. Tangu tarehe 9 Septemba 2024 kila kifo kisichopelekwa kwa mchunguzi wa vifo lazima kipitiwe na daktari mkaguzi, ndipo kisajiliwe, ndipo maziko yaruhusiwe. Sheria ina sababu yake: inataka kujua kama marehemu alikufa kifo chake au kwa uzembe wa mtu. Sisi tunazika upesi, na mara nyingi hatuulizi. Lakini mfiwa wa Kiislamu anayehesabu saa anaumia, na kaburi lenyewe ni maelfu ya pauni. Ndipo jumuiya zetu za huko zinapochangishana, na watu wasioonana mwaka mzima wanakutana makaburini. Jirani anafufuka kwa siku moja.

Sweden wamekwenda mbali zaidi. Kila mwenye kipato hulipia maziko yake ndani ya kodi, kwa hivyo akifa kaburi halina deni, kwa miaka 25 ya mwanzo. Maziko yafanywe ndani ya mwezi mmoja. Mwezi mzima! Kwetu mwezi mmoja ni muda wa watu kuwa washarudi kwenye shughuli zao. Kwa yule wa kule mwezi huo ni nafasi ya jamaa kuomba ruhusa kazini. Hata huzuni inasubiri likizo.

MAHALI PASIPO NA JIRANI WALA OFISI

Mtaniambia: hayo ni ya Ulaya, nenda Ghuba kwa ndugu zetu. Ni kweli Oman ni jambo jengine. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 wengi walitoka, na Sultan Qaboos aliposhika nchi Julai 1970 akawahitaji watu waliosoma, Wazanzibari wakaitika. Mpaka leo Muscat utasikia Kiswahili dukani na hospitali, na mishkaki ya njiani utaitambua kwa jina lake. Lakini hata wao walipata kigugumizi cha desturi: huku walikuwa Waarabu, kule wakaitwa Wazanzibari. Kule Ijumaa ni ya mapumziko, tofauti na hapa. Ingawa hata mapumziko hayo yamebadilika, kwani Oman ilihamisha wikiendi yake kutoka Alkhamisi na Ijumaa kwenda Ijumaa na Jumamosi mwezi Mei 2013 ili iendane na soko la dunia.

Wasiwasi wangu ni juu ya mabinti wanaokwenda sasa kufanya kazi za ndani. Anayekwenda Uingereza anakosa jirani lakini anapata ofisi. Binti aliyefungiwa ndani ya nyumba ya mwajiri anaweza kukosa vyote viwili. Sheria ya kazi ya Oman ya 2003 iliwaacha nje wafanyakazi wa majumbani. Novemba 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya wanawake wa Kitanzania, wa Bara na wa Visiwani, waliofanya kazi Oman na Falme za Kiarabu: walieleza kunyang'anywa pasipoti, kufanya kazi mchana na usiku, na wengine kutolipwa haki yao. Wapo waajiri wema, na wapo mabinti waliojenga nyumba kwa jasho hilo. Lakini dini moja na vazi moja si dhamana. Mzazi anayesema "anakwenda kwa Waislamu wenzetu" bila ya kuuliza mkataba uko wapi, amemtuma mwanawe mahali ambapo jirani haingii na ofisi haijafika.

FEDHA NA UKIMYA

Nije kwenye lile linalotugombanisha zaidi. Aprili 2025 kima cha chini cha mshahara Uingereza kilifikia pauni 12.21 kwa saa kwa mtu wa miaka 21 na zaidi. Ukiigeuza ilikuwa zaidi ya shilingi elfu thelathini. Kwa saa moja! Mtu wa Kiembe Samaki akisikia hivyo anapiga hesabu ya mwezi, na hesabu yake haina kosa. Ila hakuisikia nusu ya pili: kodi ya chumba, kodi ya serikali, kodi ya manispaa, gesi ya kupashia nyumba moto, nauli ya treni, malezi ya mtoto kwa saa. Kule hakuna duka la mtaani la kuandikiwa kwenye daftari mpaka mwisho wa mwezi. Asiyelipa pango mwenye nyumba hamuulizi ni mtoto wa nani.

Kwa nini hakuisikia? Kwa sababu hakuambiwa. Aliyeko kule anaona haya kusema kuwa anasafisha vyoo usiku. Anapiga picha mbele ya gari la mtu, anaituma. Wa hapa nao wanamficha ugonjwa wa mama mpaka umzidi, asije akapata mawazo. Abdulrazak Gurnah, mwana wa Unguja aliyezaliwa 1948 na kupata Tuzo ya Nobeli ya Fasihi 2021, ana riwaya iitwayo Admiring Silence, ya mwaka 1996, juu ya mtu wa aina hii. Ughaibuni anawatungia wakwe wa Kiingereza hadithi za kwao zisizokuwepo. Nyumbani amewaficha jamaa kuwa ana mwanamke na binti. Anaporudi Zanzibar kutembea anakuta wamemtafutia mchumba. Tumcheke, lakini tumeona wangapi?

Mwenye kutuma fedha naye tumtazame kwa haki. Anaishi chini ya sheria mbili kwa wakati mmoja. Ofisi inamdai kodi, kwa sababu ndiyo itakayomuuguza. Jamaa wanamdai mchango wa harusi, wa msiba, wa skuli, kwa sababu ndio waliomuuguza zamani. Mwenzake Mwingereza analipa mara moja. Huyu analipa mara mbili kwa mshahara ule ule.

UGHAIBUNI UMESHAFIKA HAPA

La mwisho, wazee wangu. Tusizungumze kama kwamba mambo haya yako mbali. Tazameni mtaa wetu. Palipokuwa mashamba pamekuwa nyumba. Nyumba zimezungushiwa kuta. Kuta zina mageti. Mageti yana kengele. Baraza zilizokuwa nje zimeingia ndani ya ukuta. Baadhi ya kuta hizo zimejengwa kwa fedha za ughaibuni, na kwa mazoea ya ughaibuni. Wazazi wote wawili wanakwenda kazini, na mtoto anaangaliwa na mfanyakazi aliyetoka mbali. Arubaini inafupishwa.

Na ofisi nayo inaingia, polepole. Aprili 2016 Zanzibar ilianza kumlipa pensheni kila mzee aliyetimia miaka 70, hata asiyepata kuajiriwa, kwa kuanzia shilingi 20,000 kwa mwezi. Ni hatua kubwa, na inafaa tuisifu. Lakini pensheni peke yake haimtoshi mzee asiyekuwa na wa kumpikia. Hatari yetu ni kumfungia jirani geti kabla ofisi haijajengwa.

Kwa hivyo naomba mambo manne.

Wazazi: kabla mtoto hajapanda ndege, keti naye na karatasi. Mkataba ausome, aelezwe kwa Kiswahili. Nakala ya pasipoti ibaki nyumbani. Namba ya simu ya ubalozi wetu aihifadhi kwa moyo.

Mlioko ughaibuni, na mnaosoma maneno haya yakishachapwa: waambieni jamaa ukweli wa mshahara na matumizi, kwa tarakimu. Semeni mnaweza kutoa kiasi gani kwa mwezi, na mkitoe. Ahadi ndogo inayotimizwa inaondoa ugomvi kuliko zawadi kubwa ya mara moja. Na mkija likizo, nendeni mkatoe mkono wa pole kwa waliofiwa mlipokuwa hampo.

Mliobaki: mtu akikwambia "niarifu kabla ya kuja", usimwite mwenye kiburi. Na aliyeko kule, simu mbili kati ya tatu mpigieni bila ya kuomba kitu.

Viongozi wetu: kila mtaa mpya unaopimwa utengewe mahali pa watu kukaa pamoja, na kila shehia iwajue wazee wake wanaoishi peke yao kwa majina.

Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na wengi wa waliokwenda watarudi. Tuhakikishe wanakuta mtaa wenye jirani anayefungua mlango na ofisi inayofanya kazi. Kimoja bila ya chengine hakitoshi.